Usiache Mbachao

Mwaka 2011, katika hori ya Mtwapa, niliitangazia kifo mashine iliyokuwa hai. Nilifanya hivyo mbele ya mwenye mali, mbele ya mabaharia wake wanne, na mbele ya Mungu, kisha nikalipwa. Tangu siku ile, kila nisikiapo mtu akisema, "Mashine hii ni ya zamani, itoe uweke mpya," huisikia sauti yangu mwenyewe. Kwa hiyo nimeona katika kitabu hiki, ambacho nakichapa kwa fedha zangu na sina wa kumwogopa, niliseme jambo hili waziwazi. Desturi iliyotuingia ya kung'oa injini nzuri za dizeli katika vyombo vya zamani na kuweka mpya ni upotevu wa mali, ni hatari baharini, na aghalabu ni udanganyifu. Najua nitawaudhi baadhi ya mafundi wenzangu. Nawaomba wanisome hadi mwisho kabla ya kukasirika.

Chombo chenyewe kilikuwa boti la matembezi la futi 36, lililoundwa kwa umbo la chombo cha wavuvi wa bahari kuu. Omo yake imeinuka, chumba cha usukani kiko juu, tumbo ni pana, na mkuku ni mrefu, unailinda rafadha isiguswe na mwamba. Boti za namna hii zilipata sifa katika miaka ya 1960, pale karakana ya American Marine huko Hong Kong ilipoanza kuunda boti zake za Grand Banks. Hadi mwaka 1973 ziliundwa kwa mbao, na baada ya hapo kwa faibaglasi. Nyingi zilitiwa injini ya Ford Lehman yenye silinda sita, ujazo wa lita 6.2 hivi, na nguvu za farasi 120.

Msomaji asidanganywe na jina hilo refu. Chini ya ile rangi ni injini ya Ford iliyotengenezwa Uingereza kwa ajili ya malori na kazi za viwandani. Kampuni ya Lehman ya Marekani iliivalisha nguo za baharini tu: pampu ya maji ya chumvi, kipozeo, na bomba la moshi linalopozwa kwa maji. Lita 6.2 kutoa farasi 120 ni chini ya farasi 20 kwa kila lita. Injini nyingi za leo hutolewa mara mbili, mara tatu na zaidi ya hapo. Maana yake ni kwamba mashine ile ya kale haikimbizwi. Inatembea kama punda aliyebebeshwa mzigo wa nusu, na punda wa namna hiyo huishi sana.

Mwenye boti alikuwa mjane, mwanamke wa makamo aliyeachiwa chombo hicho na mumewe. Mabaharia walimwita Bi Mkubwa, nami nikamwita hivyo hivyo. Lile boti ndilo lililokuwa likimlisha. Lilichukua wageni kwenda kuvua na kutazama matumbawe, na likiwalipa nahodha na vijana watatu. Alinita kwa sababu mashine ilikuwa ngumu kuwaka asubuhi, ikitoa moshi mweupe, na ikipata moto kila inapoongezwa mwendo.

Siku tatu kabla ya kuitwa nilikuwa nimekutana na muuzaji mmoja wa mashine mpya. Jina lake silitaji, wala la kampuni yake. Aliniambia kwamba kila fundi atakayemletea mteja atapata fungu lake. Nilikuwa na karo ya watoto wawili. Basi nilishuka katika chumba cha mashine, nikamulika tochi, nikasikiliza, nikapanda juu nikijifuta mikono. Sikufungua hata nozeli moja.

"Fundi, niambie kweli," aliniuliza. "Haiponi?"

"Haiponi, Bi Mkubwa. Umri wake umekwisha."

Alinyamaza akizitazama mbao za sakafu ambazo marehemu mumewe alikuwa akizipaka mafuta kwa mkono wake. Kisha akasema, "Basi nitauza lile shamba la Kikambala."

Hebu sasa tujiulize: fundi mwaminifu angefanya nini? Angeanza kwa kuusoma moshi, maana moshi una lugha yake. Mweusi husema kwamba dizeli ni nyingi kuliko hewa, au kwamba mashine imeelemewa na mzigo. Wa rangi ya buluu husema kwamba mafuta ya kulainisha yanaungua. Mweupe husema mojawapo ya mambo mawili: dizeli inapita bila kuungua, au maji yanageuka mvuke. Hakuna hata mmoja kati ya hao unaosema, "Nimekufa."

Baada ya moshi angepima kompresheni ya silinda moja moja, kazi ya asubuhi moja. Angezitoa nozeli azipeleke zikapimwe. Angefungua kipozeo atazame kama mirija yake imezibwa na chumvi na vipande vya mpira wa pampu. Angekitazama kiwiko cha bomba la moshi, pale maji ya chumvi yanapokutana na moshi wa moto, kwa kuwa hapo ndipo kutu hula kimyakimya mpaka maji yakarudi ndani ya silinda. Angeuliza zile fito za zinki zilibadilishwa lini. Angeuliza pia juu ya mafuta ya pampu ya dizeli, kwa sababu pampu ya Simms iliyomo katika mashine hiyo ina mafuta yake peke yake, nayo yanatakiwa kubadilishwa kila baada ya saa 50 za kazi. Nimekutana na wenye boti waliokaa nalo miaka 10 bila kujua kwamba pampu hiyo ina mafuta ya kubadilishwa.

Mambo hayo yote yangekwisha kwa siku mbili. Na hapa pana ukweli ambao kila fundi wa pwani anaujua: dizeli ya baharini ni nadra kufa kwa kuchakaa. Huuawa. Huuawa na maji ya chumvi yanayorudi kwa njia ya moshi, na joto la kipozeo kilichoziba, na uchafu wa tangi. Zaidi ya yote, huuawa na kukaa bure. Boti linaloegeshwa miezi minane bila kuwashwa huharibika mashine kuliko linalokwenda kila siku. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba mashine "imezeeka", mwulize imezeeka wapi. Pistoni? Laina? Beringi? Kama hawezi kukujibu, hajaitazama. Mimi sikuitazama.

Nije sasa kwenye hoja za wanaopenda mashine mpya, nizijibu moja moja.

Ya kwanza ni nguvu. Husemwa kwamba mashine mpya itakupa farasi 200 au 250 mahali pa 120, na boti litakwenda mbio. Si kweli, na sababu ni umbo la chombo chenyewe. Chombo kinachopasua maji bila kupanda juu yake kina kikomo cha mwendo, na hesabu yake ni nyepesi: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa chombo kwenye maji kwa futi, uzidishe kwa 1.34. Boti lenye futi 35 kwenye maji linapata karibu maili 8 za bahari kwa saa. Ukitaka kupita hapo sana, chombo huinua omo, huzamisha tezi, hukokota mlima wa maji nyuma yake, na kunywa dizeli kama mchanga unavyokunywa mvua. Boti la namna hii likienda maili 7 kwa saa hutumia farasi 40 hivi tu, yaani kiasi cha lita 8 za dizeli kwa saa. Zile farasi 120 za kale zilikuwa tayari mara tatu ya haja. Anayekuuzia 250 anakuuzia kitu ambacho bahari haitakuruhusu kukitumia.

Ya pili ni bei. Muuzaji hukutajia bei ya mashine, na mashine mpya haiji peke yake. Misingi ya mbao au chuma inayoibeba haitalingana na miguu yake, basi itakatwa na kuundwa upya. Giaboksi yake ina uwiano mwingine, basi rafadha ya zamani haitafaa. Pengine inazunguka upande mwingine, basi rafadha haifai mara mbili. Bomba la moshi litakuwa jembamba mno. Tundu la maji litakuwa dogo. Nyaya zote, saa za kupimia, na mikono ya kuongozea vitabadilishwa. Mashine ikiwa nyepesi kuliko ya kwanza, chombo kitakaa vingine majini, na utatia mawe au risasi ili kukisawazisha. Nimeona kazi ambazo mashine yenyewe ilikuwa nusu tu ya gharama, na nusu ya pili mwenye mali aliambiwa baada ya boti kuwa limekwisha kupasuliwa na hana njia ya kurudi nyuma. Katika kazi ya Mtwapa, kwa hesabu niliyoifanya baadaye kwa aibu, kuitengeneza mashine ya kale kungegharimu chini ya robo ya kile alichotoa yule mjane.

Ya tatu ni kwamba mashine mpya ni ya kutegemewa. Hapa niseme kwa haki. Injini za kisasa ni kazi nzuri sana ya wahandisi. Hazina kelele nyingi, hazitoi moshi mwingi, na hula dizeli kwa adabu. Kama ningekuwa Southampton au Seattle, na fundi mwenye kompyuta yuko mtaa wa pili, huenda ningezipenda zaidi. Lakini tazama zinavyofanya kazi. Nozeli ya zamani hufunguka kwa msukumo wa takriban mara 200 ya hewa inayotuzunguka. Mfumo wa kisasa husukuma dizeli kwa mara 1,000 hadi 2,000. Kwa msukumo huo, tone la maji au chembe ya vumbi isiyoonekana kwa macho ni kama risasi. Tena kila kitu kinaamriwa na kompyuta inayopokea habari kutoka kwa sensa nyingi, na kila sensa ina waya, na kila waya una kichwa, na kila kichwa kinakaa katika hewa ya chumvi. Mashine ya kale, ikishawaka, haihitaji umeme wowote ili iendelee kuzunguka. Mpe dizeli safi, hewa, na maji ya kuipoza, itakwenda mpaka umwambie basi.

Ya nne ni vipuri. Husemwa kwamba vipuri vya mashine za zamani havipatikani. Kwa baadhi ya mashine ni kweli, nami nitalirudia jambo hilo. Lakini mashine zilizotoka katika malori, matrekta na viwanda zilitengenezwa kwa wingi mno, na wapo wanaoendelea kuuza pistoni, laina, gasketi na beringi zake. Ndivyo ilivyo kwa ile Ford ya silinda sita, na ndivyo ilivyo kwa Perkins 6.354 na 4.236, ambazo mafundi wa huku wanazijua kama wanavyozijua nyumba zao. Huko Uingereza wapo watu wanaozifufua hadi leo injini za Gardner LW, aina iliyoanza kutengenezwa katika miaka ya 1930. Kwa upande mwingine, kifaa cha umeme cha mashine ya kisasa kikiacha kutengenezwa, hakuna mkerezaji wa Mombasa awezaye kukichonga. Chuma hukerezwa. Kompyuta haikerezwi.

Hapo ndipo ninapofika kwenye jambo linaloniuma zaidi. Kila tunapong'oa mashine tunayoweza kuitengeneza na kuweka tusiyoweza, tunang'oa pia ufundi wetu. Kijana aliyejifunza kusaga vali, kupima krankshafti, kusikia beringi inayolia kwa kuweka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini kwenye sikio, kijana huyo anageuka kuwa mpiga simu. Kazi yake inabaki kumwita mtu wa mbali na kungoja. Sisemi tusijifunze mapya. Nasema mtu asiyeweza kufungua kitu chake si mwenyewe wa kitu hicho.

Sasa nieleze yaliyotokea. Mashine ya kale ilitolewa. Kazi hiyo, ikiwa msomaji hajaiona, ni ya subira. Kwanza inavuliwa nguo: kipozeo, bomba la moshi, stata, altaneta na pampu ya maji, mpaka ibaki mwili. Juu yake sakafu ya sebule inafunguliwa, na fremu ya chuma inasimamishwa kwa kuegemea mihimili, si mbao za sakafu. Winchi ya mnyororo inaiinua kidole kwa kidole, chuma cha zaidi ya nusu tani, kisha inatelezeshwa juu ya mbao hadi mlangoni, ambako kreni inangoja. Tulingoja maji ya bamvua ili boti lisogee karibu na gati. Ilipopita hewani, ikidondosha mafuta, nahodha alivua kofia. Nilicheka nikidhani anafanya mzaha.

Mpya iliwekwa. Ilikuwa nzuri, nyeupe, kimya. Lakini matangi yalibaki yale yale ya chuma, yenye matope ya dizeli ya miaka 30 na maji yaliyojikusanya chini. Mashine ya kale ilikwisha yazoea, na chujio zake zilikuwa kubwa. Hakuna aliyemwambia Bi Mkubwa kwamba mashine mpya inataka matangi mapya. Muuzaji hakusema kwa sababu bei ingepanda na mteja angesita. Mimi sikusema kwa sababu nilikwisha pokea.

Katika kusi la mwaka uliofuata, likiwa na wageni watano nje ya mwamba wa Vipingo, taa ya onyo iliwaka. Mashine ikajipunguzia nguvu yenyewe, kama ilivyofundishwa kufanya ili isijiumize, kisha ikazima. Nahodha alijaribu kuiwasha mara nne. Upepo ulikuwa ukiwasukuma mwambani. Walitupa nanga, ikaburura, ikashika. Wavuvi waliokuwa wakirudi waliwafungasa mpaka ndani. Hakufa mtu, na kwa hilo namshukuru Mungu kila siku. Mmoja wa wale wageni alikuwa mtoto wa miaka sita.

Tatizo lilikuwa maji katika dizeli. Pampu ya msukumo mkubwa ilikuwa imeharibika pamoja na nozeli zote. Fundi aliyeruhusiwa kuigusa alitoka mbali, kwa ndege, na vipuri vilitoka mbali zaidi. Boti lilikaa miezi saba. Wageni walikwenda kwingine. Nahodha alipata kazi Kilifi, vijana wakatawanyika. Mwaka 2014 Bi Mkubwa aliliuza kwa bei ambayo naona haya kuiandika.

Je, hakuna wakati wa kubadilisha mashine? Upo, nami sitaki kugeuza ukaidi kuwa elimu. Ikiwa mwili wa injini umepasuka mahali pasipotengenezeka. Ikiwa krankshafti imevunjika na nyingine haipatikani. Ikiwa maji ya chumvi yalikaa ndani mwezi mzima na kuila kila laina. Ikiwa ni aina adimu ambayo hata gasketi yake ni ya kuomba. Basi itoe, uweke nyingine, tena kwa moyo mweupe. Hata hapo, kabla ya kununua mpya, tazama kama inapatikana ya aina ile ile iliyotengenezwa upya. Itakaa juu ya misingi ile ile, itafunga na giaboksi ile ile, na rafadha haitaguswa.

Na anayeamua kuitengeneza ya kale aitengeneze kweli. Huku kwetu kuna mtindo wa kupaka rangi juu ya ugonjwa: ringi mpya ndani ya laina iliyochakaa, gasketi mpya chini ya kichwa kilichopinda. Hilo nalo ni udanganyifu, tena ni ndugu wa ule wa muuzaji. Kichwa kipimwe kwa rula iliyonyooka. Krankshafti ipimwe kwa maikromita kabla ya kuagiza beringi, si baada. Nozeli na pampu vipelekwe kwa mwenye mashine ya kuvipimia. Kipozeo kisafishwe, kiwiko cha moshi kibadilishwe hata kama kinaonekana kizima, na matangi yafunguliwe na kuoshwa. Injini ikiwa nje, chumba chake kikwanguliwe na kupakwa rangi, kwa kuwa nafasi hiyo haitarudi upesi.

Mwisho wa yote ni kulinganisha mashine na shafti. Usifanye hivyo boti likiwa juu ya magogo. Chombo hubadili umbo kidogo kinapoingia majini, hata cha faibaglasi. Kishushe, kiache siku moja au mbili, ndipo upime mwanya kati ya nyuso mbili za kaplingi kwa fila geji. Kwa kaplingi ya inchi 4, tofauti isizidi sehemu 4 za elfu za inchi, yaani kama unene wa karatasi. Anayesema "inatosha kwa jicho" atakuletea mtetemo utakaokula beringi ya giaboksi, na utakapomlalamikia atakwambia mashine ni ya zamani.

Nimebakiza jambo moja. Ile mashine niliyoitangazia kifo ilinunuliwa na kijana mmoja fundi kwa bei ya chuma chakavu. Mwaka 2016 nilikuwa Lamu kwa arusi ya mpwa wangu. Alfajiri, nikiwa nimeketi ukingoni, nilisikia mlio nilioujua, mzito na wa taratibu. Likaingia jahazi la mizigo limejaa. Niliomba ruhusa nikapanda. Ilikuwa yenyewe, namba ile ile. Nikamwuliza baharia aliyekuwa akiihudumia imefanyiwa nini.

"Kipozeo kiliziba, mzee," alisema. "Na nozeli mbili, na gasketi ya kichwa. Mwenyewe anasema kuna mtu aliitupa."

Nilirudi Mombasa nikaenda kwa Bi Mkubwa. Nilimweleza yote, pamoja na lile fungu, nikaliweka mezani mbele yake kiasi kile kile nilichopokea. Hakukigusa kwa muda. Nilitaraji matusi, na ningeyapokea.

"Fundi," alisema hatimaye, "shamba halirudi kwa hizi. Lakini wewe unajua kuandika. Waambie wengine."

Basi nawaambia. Wewe mwenye chombo cha zamani, siku fundi atakapopanda kutoka chini akijifuta mikono na kukuambia kwamba mashine imekufa, mwombe akuonyeshe vipimo vya kompresheni, silinda kwa silinda, vimeandikwa kwenye karatasi. Mwulize nozeli zilipimwa wapi. Mwulize kipozeo kilifunguliwa lini. Mwulize matangi yako yatafaa au hayatafaa. Kisha, bila kuona haya, mwulize analipwa na nani. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Akikukasirikia kwa maswali hayo, tafuta fundi mwingine.